Kibao cha Nyumba Namba Kumi na Saba

Askari wa msitu hakumtazama usoni. Alitazama daftari lake, akateremsha kidole kwenye orodha hadi mstari wa kumi na saba, akaugonga mara mbili kama mtu anayebisha hodi.

"Mama Vyungu, wewe leo huingii."

Mama Vyungu alikuwa amesimama kwenye geti la msitu, kamba begani, panga mkononi, na kibali chake cha kuni amekibana katikati ya vidole viwili, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu vibali vianze. Nyuma yake walikuwapo wanawake saba, nao na kamba zao.

"Siingii kwa nini? Kwani leo si Ijumaa?"

"Ijumaa ni Ijumaa. Lakini nyumba yako ina gesi. Mwenye gesi hakati kuni. Ndiyo sera ya nishati safi, imeshuka kutoka juu, si mimi niliyeitunga."

"Gesi gani, baba?"

"Ya samadi. Imeandikwa hapa: mtambo umekamilika, gesi inawaka, mwenye jiko ameridhika. Na dole gumba uliweka, hati iko ofisini."

"Ameridhika!" alirudia mwanamke mmoja kwenye foleni, na wengine wakaangua kicheko. Walijua wote kwamba mwenzao anapikia magunzi ya mahindi chini ya turubai, kwa sababu jiko lake lilibomolewa kupisha huo mtambo. Wawili kati yao hawakucheka sana. Na wao walikuwa na mitambo nyuma ya nyumba, na hawakujua majina yao yangefikiwa lini.

"Inawaka wapi?" Mama Vyungu aliuliza. "Kwenye daftari lako?"

"Mama, usinitafutie maneno asubuhi yote hii. Lete kibali."

Alikipokea, akakichana vipande viwili mbele ya watu, akavitia mfukoni kwa uangalifu kana kwamba vipande navyo vilihesabiwa. Kisha akamwambia asogee kando, wenzake wapite. Mama Vyungu alisogea. Aliwatazama wakiinama mmoja mmoja chini ya kizuizi cha geti, wanawake aliozoea kwenda nao na kurudi nao, na hakuna aliyegeuka kumwambia pole.

Jambo lililompeleka mbio ofisi ya kijiji halikuwa chakula. Chakula angekihangaikia, amezoea. Chini ya kibanda chake kulikuwa na mitungi sitini na miwili ya maji, kazi ya miezi miwili, imekauka vizuri na inangoja moto tu. Kibanda chenyewe kilikuwa paa bila kuta. Mtungi ambao haujachomwa ukinyeshewa unarudi kuwa tope, na tangu juzi mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa milimani.

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati lisilofungika na benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Mwenyekiti alimkaribisha kwa bashasha, akamwonyesha benchi.

"Nataka kuona hiyo hati yangu," alisema Mama Vyungu, bila kukaa.

"Ya nini tena, mama? Mambo yameshaisha."

"Nataka kuona nilivyoridhika."

Mwenyekiti alifikicha macho, akafungua kabati, akatoa faili. Hati ilikuwa ya kurasa mbili. Chini ya ukurasa wa pili palikuwa na maneno *Mwanamke mwenye jiko*, kwa sababu sera ilitaka mwanamke ndiye athibitishe, na sera ilikuwa imeona mbali. Palikuwa na kisanduku cha dole gumba tu. Aliyeichapisha hakuwaza kwamba mwanamke wa huku anaweza kuwa na saini. Mama Vyungu alisoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwenyekiti.

Ndani ya kisanduku palikuwa na alama ya dole, nyeusi, mistari yake safi, mmoja mmoja unahesabika. Katikati mstari mweupe ulikata mshazari kutoka upande hadi upande.

Mama Vyungu aliutazama ule mstari mweupe. Sasa ndipo alipokaa kwenye benchi.

Alilijua lile kovu. Mnyororo wa baiskeli ndio uliolikata dole lile la mumewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na yeye ndiye aliyeliosha kwa maji ya chumvi na kulifunga kwa kipande cha kanga. Alikuwa ameliona kila siku kwa miaka ishirini na miwili, likishika kikombe, likishika spana, likimshika yeye.

"Umeona?" alisema mwenyekiti. "Sasa sikiliza, dada yangu. Jumatatu anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Tumempangia aanzie kwako, maana nyumba yako iko barabarani. Yeye ataona mtambo, ataona kibao, atapiga picha, atakwenda. Akiridhika, awamu ya pili inaanza, nyumba sitini zinapata. Mtu mmoja akileta ubishi, zote sitini zinakosa. Unataka watu wakulaani?"

"Na mimi nipikie nini?"

"Injinia aliyeujenga atarudi kurekebisha. Ni vitu vidogo vidogo."

"Atarudi lini?"

"Mradi ukishakabidhiwa."

Mama Vyungu aliirudisha hati mezani, akaondoka bila kuaga. Mwenyekiti aliyachukulia hayo kuwa makubaliano, akarudisha faili kabatini.

*

Nje ya nyumba yao, kando ya barabara, kilisimama kibao cha mbao chenye nguzo mbili nene, kimepakwa rangi ya kijani na maandishi meupe: NYUMBA HII INATUMIA NISHATI SAFI. NA. 17. Kilifungwa kwa bolti nne, si misumari. Ndicho kitu pekee cha mradi kilichotengenezwa kwa umakini, na kila nyumba katika zile arobaini za awamu ya kwanza ilikuwa na cha kwake.

Nyuma ya nyumba ndipo palipokuwa na mtambo wenyewe: shimo la kuchanganyia samadi, kuba la saruji lililochomoza kama mgongo wa kobe, na bomba jembamba linalokwenda kwenye jiko la chuma lenye sahani mbili ambalo halijawahi kuwaka hata siku moja. Mama mkwe wake aliliita lile kuba kaburi. "Nenda kalishe kaburi," angesema kila asubuhi ndoo ya samadi ilipojaa.

Bibi huyo alikuwa amechutama chini ya turubai, anapuliza magunzi na kukohoa. Mwanawe, mume wa Mama Vyungu, ambaye kijiji kizima kilimwita Spoku, alikuwa kivulini na baiskeli ya mtu imegeuzwa miguu juu, anaziba pancha. Pembeni yake lilikuwapo sanduku jipya la spana. Alikuwa amelileta mwezi uliopita na kusema ameazimwa.

Mama Vyungu alipita moja kwa moja hadi kwenye beseni la mumewe la maji ya sabuni, akalibeba.

"We mama, nalitumia hilo!"

"Nifuate."

Alimpeleka hadi kwenye kuba. Akachovya kitambaa kwenye beseni, akapaka povu kuzunguka shingo ya kuba, pale saruji ilipokutana na bomba, kwa mkono uleule wa kupaka mitungi yake. Wakasubiri. Haikuchukua muda. Mapovu yalianza kuvimba, moja, mawili, kisha msururu mzima, makubwa kama macho ya ng'ombe, yanapasuka na kuvimba tena.

"Nini hiyo?" aliuliza.

Spoku aliinama akatazama. "Pancha."

"Ni pancha. Nilimwambia yule Injinia siku ileile, udongo ukikaushwa na jua kali unapasuka, na saruji ni hivyohivyo, ifunikeni, imwagilieni maji. Akacheka. Akasema mama, hivi si vyungu. Wakapiga lipu asubuhi, jioni wakaondoka. Sasa wewe, fundi mzima, mtu akikuletea tairi inavuja namna hii, utamwambia imejaa upepo, panda uende?"

"Mimi sikusema..."

"Lete dole lako."

Hakulileta. Alilificha ndani ya kiganja, kama mtoto aliyeiba sukari, na hapo hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

"Walikuja wewe ukiwa shimoni, unachimba udongo," alisema kwa sauti ndogo. "Injinia alikuwa na haraka. Akasema ni utaratibu tu, dole la mume na la mke ni dole moja. Akasema kijiji kitahitaji fundi wa mitambo, wa kudumu, na ameniona mimi. Akaniachia na spana. Mke wangu, miaka yote hii nafungua nati kwa koleo. Nilidhani atarudi atengeneze."

Alisema kweli. Spoku hakuwa mlafi, alikuwa mtu wa kuamini, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi. Angekuwa mwizi angalau angejua amtukane vipi.

Bibi alikuwa ameacha kupuliza. "Kwa hiyo mimi nakohoa hivi kwa ajili ya spana," alisema.

"Mama..."

"Usiniite mama. Ita hilo kaburi lako."

Spoku alimgeukia mkewe. "Jumatatu ukikana lile dole, mimi nimekwisha. Mwenyekiti ameshaniambia, ni kesi ya kughushi. Nyamaza tu siku moja. Mwache mkaguzi apite."

"Nikikana, umekwisha wewe. Nisipokana, imekwisha mitungi yangu, limekwisha jiko, na huyu mama yako atamaliza pafu la pili. Kibali kimechanwa. Kuni sina, gesi sina, ila kwenye karatasi nimeridhika." Aligonga kuba kwa kiganja. "Mimi sijaridhika. Sijawahi kuridhika hata siku moja na hilo dude, na sitaki mtu anisemee."

Alimwaga yale maji ya sabuni, akamrudishia beseni tupu.

*

Jumatatu saa nne asubuhi uwanja wao ulijaa watu. Viti sita vya plastiki vilipangwa mbele ya kuba, na mwenyekiti alikuwa amevaa koti zito bila kujali joto. Injinia alikuja na viatu vinavyong'aa, akimweleza mkaguzi mambo ya mita za ujazo. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, si mtu wa kucheka ovyo, na alikuwa na kalamu mbili, moja sikioni na moja mkononi.

"Tuone inawaka," alisema.

Injinia alifungua vali, akawasha kiberiti. Njiti iliungua hadi vidoleni. Akawasha nyingine.

"Asubuhi presha huwa chini kidogo," alieleza, "kwa sababu ya baridi ya usiku." Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Na jioni?" aliuliza mkaguzi.

"Jioni inawaka vizuri sana."

"Haiwaki jioni," alisema Mama Vyungu. "Haiwaki asubuhi, haiwaki mchana. Haijawahi kuwaka."

Mwenyekiti alicheka kicheko cha kuombea radhi. "Huyu mama ni mfinyanzi wetu, mtu wa utani sana."

"Sitanii. Lile kuba limepasuka shingoni, lete sabuni nikuonyeshe. Na kwa ajili ya karatasi inayosema inawaka nimenyang'anywa kibali cha kuni. Nina mitungi sitini na miwili pale, itazame, na mvua ileee inakuja."

Mkaguzi alifungua faili. "Lakini mama, ulithibitisha mwenyewe. Dole lako hili hapa."

"Si langu."

"Ndiyo yaleyale," alisema Injinia, akiwageukia watu. "Wanathibitisha, halafu wakisikia wageni wanakuja wanataka vya ziada. Dole ni dole, mama. Halidanganyi."

"Umesema kweli," alisema Mama Vyungu. "Leteni wino."

Kibweta cha wino kilikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, hakutembea bila hicho. Alisitasita, lakini mkaguzi alikuwa amekwishanyosha mkono. Mama Vyungu alikandamiza dole lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi tupu, pole pole, akiliviringisha kutoka upande hadi upande mbele ya macho yao. Akaliinua.

Palibaki doa. Doa jeusi la mviringo, laini, bila mstari hata mmoja.

"Rudia," alisema mkaguzi.

Alirudia. Doa. Akaweka na la kushoto. Doa vilevile.

"Miaka thelathini nasugua udongo kwa madole haya," alisema. "Yameisha mistari. Siku ya kuandikisha wapiga kura mashine ilinikataa, karani akanifanya ninawe mikono mara tatu, mwisho akaniambia mama, wewe huna vidole. Foleni nzima ilicheka. Nani alikuwepo?"

"Mimi!" alisema mtu nyuma. "Na mimi!" alisema mwingine, na kicheko kikapita tena, lakini safari hii kilikuwa upande wake.

Mkaguzi aliziweka karatasi mbili sambamba: doa, na lile dole lenye mistari yake safi na kovu lake mshazari. "Hili basi ni la nani?"

Mwenyekiti alimkazia macho Mama Vyungu, kisha akayahamishia kwa mumewe, taratibu, ili aelewe. Mama Vyungu aliona. Alijua kwamba neno moja lingemtoa mume wake nyumbani.

"Mimi nimesema la kwangu," alijibu. "La mwingine alisemee mwenye nalo."

Hakugeuka kumtazama Spoku. Kama angegeuka angelia, na hakutaka Injinia amwone akilia. Alisikia tu kiti cha fundi baiskeli, kile kigoda chake, kikisukumwa, halafu hatua.

"Ni langu," alisema Spoku. Alinyosha dole lake, grisi na kovu na vyote. "Alinipa wino huyu Injinia. Aliniambia dole la mume na la mke ni dole moja, akanipa na spana."

"Huyu anasema uongo!" alifoka Injinia.

"Unajua kwamba hili ni kosa?" mkaguzi alimuuliza Spoku.

"Najua. Andika."

Aliandika. Wakati anaandika, mwanamke wa nyumba namba tisa, mmoja wa wale wawili ambao hawakucheka sana getini, alijipenyeza hadi mbele. "Na langu litazame, mama. Siku waliyopita mimi nilikuwa hospitali, namuuguza mtoto." Kisha akaja wa ishirini na tatu. Kisha ikawa vurugu, watu wanataja namba zao kwa sauti, na mwenyekiti akawa anapaza yake kukiomba kimya kikao ambacho hakikuwa chake tena.

*

Mkaguzi alikaa hadi saa nane. Alipaka sabuni mwenyewe kwenye makuba kumi na moja. Injinia aliondoka kabla, kwa simu ya dharura. Spoku aliambiwa afike polisi Alhamisi kutoa maelezo, akaitikia ndiyo mama, akarudi kwenye kigoda chake akakaa bila kugusa kitu.

"Hati ya hapa nimeifuta," mkaguzi alimwambia Mama Vyungu kando ya gari. "Mtambo utajengwa upya. Wala hakuna atakayenyimwa awamu ya pili kwa sababu yako, usitishwe."

"Na kibali changu?"

"Hicho kinatoka wilayani. Nitaandika barua. Wiki tatu, labda nne."

Mama Vyungu aliangalia milimani. Hapakuwa na milima tena, palikuwa na mawingu tu. "Na kunyang'anywa kulichukua dakika ngapi?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta.

"Nisomee kile kibao," alisema Mama Vyungu.

"Nyumba hii inatumia nishati safi."

"Ni kweli?"

"Kwa sasa si kweli."

"Basi kinafanya nini mlangoni kwangu?"

"Mama, kile ni mali ya mradi," mwenyekiti aliingilia. "Hakiguswi bila..."

Spoku alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye sanduku lake jipya, akachagua spana, akaipima kwa jicho, akabadilisha akachukua nyingine. Bolti nne zilitoka kama zilizopakwa mafuta. Kisha akazikumbatia nguzo moja baada ya nyingine, akazitikisa, akazing'oa. Alivibeba vyote hadi kwenye kibanda, akavitua miguuni pa mkewe, akabaki amesimama pale bila kujua aweke wapi mikono.

"Spana ni nzuri," alisema mkewe. Hakuwa amemsamehe, na alitaka ajue hivyo. "Nenda namba tisa. Wanakuita."

Mkaguzi alipanda gari. Dereva alipouliza waende wapi alimwambia waondoke tu, na asiangalie nyuma.

Hadi saa kumi vibao alivyong'oa na kuvileta kibandani vilikuwa kumi na tisa, na nguzo zake thelathini na nane. Mama Vyungu alipanga mitungi yote sitini na miwili uwanjani, mdomo chini, akaizungushia samadi kavu ambayo kaburi halikuila, akaijazia mabua, akaegemeza mbao za kijani juu yake. Bibi ndiye aliyetia moto. Alisema ana haki hiyo. Mbao za mradi zilikuwa kavu na nzuri, zilishika mara moja.

Askari wa msitu alikuja mbio, amefuata moshi, daftari kwapani.

"Nani amekuruhusu kuchoma kuni? Jina lako lina tiki!"

Mama Vyungu alikuwa ameshika mti mrefu, anasukuma ubao mmoja usiporomoke. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi. Aliusogeza ule ubao kidogo, ukageuka upande wa maandishi, herufi bado nyeupe ndani ya ndimi za moto.

"Hizi si kuni, baba," alisema. "Soma mwenyewe."